Vijiko Vitatu, Kutwa Mara Mbili

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo bwenini kwako. Natumaini u mzima, magoti yametulia, na wale wasichana hawakupandishi presha kama muhula uliopita. Ukitaka kujua habari za huku, mimi sijambo, nakula na kulala. Ndugu yako naye anaendelea. Juzi wamemtoa nyuzi, jana amekaa kitandani bila kushikwa, na leo asubuhi amemaliza bakuli zima la uji, kisha akaomba redio yake. Anakusalimu sana. Amenituma nikuandikie usiwe na wasiwasi juu yake, kwamba ana mke.

Barua yako niliipata Jumanne kwa mkono wa dereva wa basi. Niliisoma nimesimama mlangoni pa karakana yetu ya makochi, nikarudi ndani nikaisoma tena nimekaa, maana sikuamini kama ni wewe. Kurasa tatu, wifi! Wewe ambaye miaka yote hii ukitaka kunijulia hali unamwambia yeye amsalimie huyo aliye naye. Umeandika kwamba unaniomba radhi. Umeandika kwamba mwanamke mwingine angefunga virago siku ile ile mguu ulipokatwa, kwamba ulinidhania vibaya, kwamba hulali ukikumbuka maneno uliyowahi kunitamkia. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko mdogo wa mtu anayeona haya, ukauliza swali lako: nitabaki na ndugu yako, au nitaondoka?

Nitakujibu. Ila jibu langu lina mambo ya kulitangulia, na nakuomba uyasome kama nilivyoyapanga, usirukie chini. Nimechagua barua kwa makusudi. Simu ungeikata.

Unakumbuka mwaka wa nne wa ndoa yetu, ulipotuambia tuache kuishi kama wapangaji waliogawana chumba, twende hospitali tukaangaliwe kwa nini hakuna mtoto? Tulikwenda. Nilipimwa mimi kwanza, ndivyo dunia ilivyo. Nilitolewa damu, nikapigwa picha, nikalazwa chali mbele ya watu watatu wenye glavu, na mwisho nikaambiwa sina tatizo lolote. Hapo daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akamgeukia ndugu yako na kumuuliza kama mambo ya chumbani yanakwenda. Akajibu kwamba yanakwenda vizuri sana. Mimi nikatazama sakafu. Wifi, yalikuwa hayaendi. Mwaka mzima na miezi yake, hayaendi hata hatua moja, na kila tukijaribu alikuwa anageukia ukutani na kusema amechoka na makochi.

Daktari hakumbishia. Alimuuliza tu kama alfajiri anapoamka hukuta mwili umeamka kabla yake, kama ilivyo kwa wanaume. Ndugu yako akaanza kubandua gundi iliyomkaukia kidoleni, ile ya kubandikia sponji. Mwishowe akasema hapana, siku nyingi sasa. Basi yule mama akamweleza taratibu. Mwanamume akishindwa kwa mkewe lakini alfajiri mwili ukasimama wenyewe, mara nyingi shida iko kwenye mawazo. Ila kama hata usingizini hakuna kitu, basi utafutwe ugonjwa wa mwili, kwa sababu ama damu haifiki, ama neva hazipeleki habari. Akataja mengi, na mimi nayakumbuka yote kwa kuwa nilikuwa nasikiliza kwa ajili ya maisha yangu: sukari, presha, mafuta kwenye mishipa, sigara, pombe, homoni kupungua, mgongo ulioumia, hata baadhi ya dawa anazomeza mtu kwa ugonjwa mwingine. Alisema mishipa ya sehemu ile ni myembamba kuliko ya moyo, ndiyo maana huziba mapema zaidi, na mwanamume anayeona dalili hiyo amepewa onyo, asilidharau. Kisha akamtoboa kidole. Kipimo kikasoma kumi na tisa. Kwa mtu mzima wa afya, alisema, kingesoma tano au sita.

Akaandika vidonge, cha asubuhi na cha jioni. Akakataza sukari, soda, na kitu chochote kitamu. Sigara aache. Na kila jioni mtu amkague nyayo, kwa sababu ganzi ilikwisha anza miguuni, na mwenye ganzi anaweza kukanyaga kaa la moto asijue. Aliposema mtu, alinitazama mimi. Akaongeza kwamba sukari ikishuka ile nguvu inaweza kurudi, pengine si yote, lakini ya kutosha kupata mtoto, na isiporudi kuna dawa za kusaidia. Nilitoka mle ndani nimefurahi mno. Nilijua sasa tunaumwa kitu chenye jina.

Barabarani aliniomba tusimwambie mtu. Nilikubali kwa moyo mweupe. Miezi minne nilimhudumia kama mtoto mchanga. Vidonge niliviweka kwenye sahani ya kikombe chake cha chai isiyo na sukari, akimeza huku akinung'unika. Jioni niliweka miguu yake mapajani kwangu na kuikagua kidole kwa kidole, naye ananitania kwamba natafuta dhahabu. Sigara zikashuka kutoka pakiti hadi mbili kwa siku. Na Jumapili moja asubuhi, sitasema zaidi, wewe ni dada yake, lakini tulicheka mpaka jirani akatugongea ukuta. Hiyo ndiyo furaha niliyokuwa nayo mkononi, wifi. Nataka uijue kabla sijaendelea.

Wiki mbili baadaye ukaja na kikao chako. Wewe, baba mdogo, na yule shangazi mwenye miwani minene. Mkakaa kwenye makochi aliyoyapigilia yeye, mkaegemea mito niliyoishona mimi, na ukauliza hospitali wamesemaje. Nilikuwa naingia na trei ya chai. Ndugu yako akasema, bila hata kukwama, kwamba hospitali wameona tatizo liko kwenye kizazi changu. Akaongeza, hakuna aliyemuuliza, kwamba tena mimi mwenyewe ni wa baridi. Nikasimama pale na trei nikimsubiri anitazame. Hakunitazama. Akaanza kunyofoa nyuzi za mto.

Wewe uliyoyasema siku ile huna haja ya kukumbushwa, maana umeandika yanakunyima usingizi. Lakini mimi nitakukumbusha. Ulisema nakula na kujaza choo tu. Ulisema mlimtafutia mke mkapewa friji, na baba mdogo akacheka mpaka chai ikampalia. Utani wako ulipendwa. Shangazi aliubeba, ukafika msibani, ukafika harusini, na mwisho ukafika mtaani kwetu. Yeye kwa kazi yake wanamwita Sponji, basi mimi nikawa Friji. Wateja waliokuja kuchukua makochi yao walikuwa wananiita hivyo bila ubaya wowote, wakidhani ni jina la biashara.

Mlipoondoka nilimuuliza kwa nini. Akanijibu nilitaka aseme nini, kwamba yeye ni hanithi? Akasema mimi ni mwanamke, maneno ya namna hiyo yananipita tu, ila mwanamume akishaitwa vile amekwisha. Sikumpigia kelele. Nilimwambia namngojea, siku ukija tena atasema ukweli kwa mdomo wake. Akaahidi. Na kila ulipokaribia kuja nilimkumbusha, kama ni leo. Akasema si leo, siku nyingine, dada amechoka na safari, kuna mgeni, kuna msiba. Mara saba, wifi. Nilikuwa nahesabu kama ninavyohesabu vifungo vya kochi.

Baada ya ile ya saba ndipo likaja dumu lako. Lita tano, limefungwa mfuniko kwa nailoni, asali iliyochanganywa na mizizi na unga mweusi sijui wa nini. Na kile kikaratasi: vijiko vitatu, kutwa mara mbili, kuongeza nguvu za mwanamume. Uliandika pia kwamba vidonge vya hospitali, vya aina yoyote, aviache, vinamaliza wanaume. Nilijua unamtayarisha kwa nani. Yule binti wa jirani yako mliyekuwa mkimtajataja kila mnapodhani niko jikoni. Unaona ajabu hiyo? Ulisema mgonjwa ni mimi, lakini dawa ukamletea yeye.

Alikunywa lote. Ukaleta la pili, ukaleta la tatu. Miaka miwili na nusu, madumu kumi na moja. Akaanza kukonda mabega. Akawa anakunywa maji kama ng'ombe na kukojoa kila saa, mpaka akaweka ndoo nyuma ya karakana ili asikimbie kwenda uani. Macho yakaanza ukungu, akawa anapigilia msumari kando ya mbao. Ulipokuja na kumwona amekonda, ulisema mbele ya majirani kwamba simlishi. Na jogoo hakuwika tena kamwe, hata kwa kubahatisha. Alikuwa akilamba kijiko na kuniuliza kwa aibu ni lini dawa ya dada itaanza kufanya kazi. Nilikuwa namwambia awe na subira.

Kilichofuata unakijua nusu. Mafundi makochi huweka ile misumari midogo mdomoni, wanatema mmoja mmoja wanapopigilia. Siku ile alikuwa anavika ngozi viti sita vya ofisi. Msumari mmoja ukamdondoka ukaingia kwenye kandambili, akaukanyaga, na akaendelea kusimama juu yake siku nzima. Hakusikia kitu. Siku ya nne nilianza kusikia harufu karakanani. Nilidhani ni panya amefia chini ya lundo la sponji, nikaondoa zote, moja moja, nikafagia hadi pembeni, sikuona kitu. Nikarudi kukaa kwenye cherehani yangu. Yeye akapita kando yangu kuchukua mkasi, harufu ikapita naye. Msumari ule sikuuweka mimi, wifi. Hilo niondolee.

Hospitali walikata kidole, kidonda kikapanda. Wakakata wayo, kikapanda. Wakakata chini ya goti. Ndipo ukaja ukanikuta namwosha mgongo kwa kitambaa, ukaniangukia begani ukalia, na wagonjwa wengine wakatusifu kwamba ni mawifi wanaopendana. Yeye huko wodini kazi yake ni kuwaambia wauguzi kwamba mkewe ni malaika. Siku ya kwanza daktari wa zamu alimuuliza vidonge vya sukari aliviacha lini. Ndugu yako akashangaa kweli kweli. Alisema hajaviacha, mkewe ndiye mwenye habari ya dawa, yeye humeza anachopewa.

Hapo ndipo palipo na neno langu kwako.

Dumu la kwanza lilipofika, ndugu yako alilishika mkononi na akanijia kwenye cherehani. Hakuwa mjinga. Aliniuliza kama daktari alikataza asali pia, au alikataza sukari tu. Alikuwa amesahau, kwa kuwa mambo yote hayo alikwisha niachia mimi. Nilikuwa napitisha uzi kwenye sindano. Niliupitisha kwanza, halafu nikamwambia asali siyo sukari, asali ni dawa, na dada yake hawezi kumletea kitu kibaya. Akafurahi. Nikamfungulia mfuniko. Nikampimia vitatu, vikijaa mpaka juu, na sikukosa hata siku moja. Vidonge nilivitoa kwenye sahani siku iyo hiyo. Nilimwambia umeandika aviache, na kwamba mimi naona una hoja. Baada ya wiki chache nikaanza kumpa vitamini vya njano, nikamwambia nimemrudishia vile vya sukari, apate kuona anameza kitu. Miguu yake sikuikagua tena. Alikuwa ananyoosha mguu jioni kwa mazoea, nami nikawa namwambia nina kazi ya kushona kava za mito.

Soma tena hapo kama hukuelewa. Wewe ulituma kwa mapenzi, mimi nikapakua kwa akili timamu. Ule mguu tumeukata wawili, wifi yangu, na sidhani kama utaweza kunishitaki mimi bila kujitaja mwenyewe.

Utaniuliza nilitaka nini. Wallahi nilitaka kitu kimoja kidogo. Nilitaka kile alichoniuza ili akilinde, asikipate tena. Alinichafua ili uonekane uanaume wake, nikasema basi asiwe nao, abaki akigeukia ukutani maisha yake yote, akilamba vijiko na kungoja. Mguu sikuuwaza. Siku walipomrudisha kutoka chumba cha upasuaji, shuka limelala bapa pale unapotakiwa kuwapo mguu, nililia kwa kweli, na machozi uliyoyaona hayakuwa ya kuigiza. Usiku ule niliapa nitamwambia yote, yeye kwanza, kisha wewe, halafu nichukue cherehani yangu niende zangu. Nguo zangu zilikuwa tayari kwenye begi. Jibu la swali lako, ungeniuliza wiki iliyopita, lingekuwa kwamba naondoka.

Lakini Jumamosi baba mdogo alikuja kumwona. Alikaa kitini na kofia yake magotini, akampa pole. Akamwambia ni bahati mbaya iliyoje, mtu kama yeye kufika hapa bila hata mtoto mmoja wa kumsukumia kiti cha magurudumu, yote kwa sababu ya mwanamke aliyemwoa. Alisema hivyo mimi niko pale pale, namenya chungwa kwa ajili ya mgeni. Nikaacha kumenya. Nikamtazama ndugu yako. Hana mguu, macho hayaoni vizuri, hana binti yeyote wa kuoa, hana cha kuficha tena duniani, na anayemwosha na kumpeleka haja ni mimi. Nikangoja. Hii ilikuwa mara ya nane. Ndugu yako akavuta pumzi, akanitafuta kwa mkono mpaka akanipata, akanipapasa kiganja kwa huruma, na akamwambia baba mdogo asinilaumu sana, kwamba sikuzaliwa nimechagua kuwa tasa.

Alinisamehe, wifi. Mbele ya watu, alinisamehe.

Nilirudi nyumbani nikafungua begi, nikazirudisha nguo kabatini. Kwa hiyo jibu lako ni hili: nabaki. Lala usingizi. Vidonge nampa kwa saa, cha asubuhi na cha jioni, na sindano nimefundishwa kumchoma tumboni. Wayo uliobaki naukagua kila siku mpaka katikati ya vidole. Sukari imeshuka hadi saba, na daktari amenisifu mbele ya wanafunzi wake. Amesema akitunzwa hivi hivi anaweza kuishi miaka ishirini, hata zaidi. Namtaka aishi yote. Amezoea sasa, akisikia hatua zangu anafungua mdomo kabla sijamwambia, naye haoni mkono wangu umeshika nini.

Ukitaka kuja kumchukua, mlango uko wazi na sitakuzuia. Lakini atakuuliza kwa nini unamtoa kwa mke mwema kiasi hiki, na itabidi umwambie. Ukitaka kuwaambia ndugu, waambie pia, ila anza mwanzo: kwanza jogoo aliyelala, halafu asali, halafu mimi. Na kama ukinipigia simu nitaiweka sikioni kwake, uanzie hapo hapo.

Nasikia kengele ya kuingia wodini, wacha niifunge hapa. Wasalimie walimu wenzako na wasichana wako wote, nenda nao polepole na hayo magoti. Ndugu yako anasema anakupenda, kwamba umekuwa mama kwake, na kila siku ananiuliza utakuja lini. Nimemwambia utaamua mwenyewe ukishamaliza kusoma.

Ni mimi wifi yako,
mke wa ndugu yako.